Polisi Aliyejifundisha Mkuki

Nandi, nchini Kenya, ni nchi ya wakimbiaji. Huko ndiko alikozaliwa Kipchoge Keino, polisi aliyerudi na dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 na tena mwaka 1972, na tangu hapo mtoto wa kule mwenye miguu myepesi huoneshwa njia mapema. Julius Yego, aliyezaliwa Nandi mwaka 1989, naye akawa polisi, lakini njia ile hakuifuata. Tangu utotoni alikata fimbo akazitupa.

Wengi hudhani mkuki ni nguvu za mkono. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800, pungufu ya kilo ya sukari ambayo mtoto hutumwa dukani. Ugumu ni kuukimbiza mwili wote, kisha kuuzuia ghafula kwa mguu wa mbele, ili kasi ile ipande kiunoni, ipite begani na kuingia katika mkuki. Asiyefundishwa anaweza kuumiza kiwiko chake mwenyewe. Yego hakuwa na mwalimu wa kumwelekeza. Basi alikwenda katika vibanda vya intaneti, akalipia dakika zake, akawatazama katika YouTube Jan Železný wa Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway: wanakanyaga wapi, bega linageuka lini. Kisha alirudi uwanjani kujaribu.

Mwaka 2011 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo. Baadaye alipata nafasi ya kufanya mazoezi Finland, chini ya Petteri Piironen. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012 alikuwa wa 12. Moscow mwaka 2013 alikuwa wa nne, akakosa medali kwa sentimita 83. Mwaka 2014 akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola huko Glasgow.

Ikafika Agosti 26, 2015, mjini Beijing. Katika mtupo wake wa tatu Yego alikimbia, akaachia, akaanguka kifudifudi kama ilivyo desturi yake. Mkuki ulitua mita 92.72. Tangu mwaka 2001 hakuna aliyekuwa ametupa mbali kiasi hicho. Kabla yake hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wa kutupa au kuruka.

Mwaka uliofuata, siku ya safari ya Olimpiki ya Rio, bingwa huyo alifika uwanja wa ndege wa Nairobi akakuta hana tiketi. Hatimaye alisafiri. Mtupo wake wa kwanza katika fainali ulikuwa mita 88.24, akaongoza. Kisha kifundo cha mguu kikamsaliti, na akatazama tu Thomas Röhler wa Ujerumani alipofikisha mita 90.30. Yego aliondoka uwanjani katika kiti cha magurudumu, mwenye medali ya fedha.

Miaka ya maumivu ikafuata. Tokyo, mwaka 2021, alitupa mita 77.34 tu, hakuiona fainali. Mtu mwingine angevua viatu, na nani angemlaumu? Yeye alirudi mazoezini. Mwaka 2022 alipata shaba ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Paris, mwaka 2024, akiwa na miaka 35, alikuwa wa tano kwa mita 87.72, sentimita 52 pungufu ya mtupo uliompa fedha ya Rio.