Kesho ya Picha za Mkanda

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akiba haiozi. Je, akiba yetu ya picha tunaiweka wapi siku hizi?

Mnamo 1975, mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya dijitali. Kampuni hiyo hiyo, iliyotajirika kwa mikanda ya picha, iliomba kinga ya ufilisi Januari 2012. Nasi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki tuliyaona hayo mitaani: studio ziligeuza vyumba vya giza kuwa vibanda vya kutolea nakala, na mpigapicha wa arusini akapokonywa riziki na simu ya mkononi.

Siutetei mkanda kwa ukale wake. Ulikuwa ghali, nao ulitoa picha 36 tu. Hata hivyo, picha ya pekee ya ujana wa nyanya yangu, iliyopigwa studioni Karatina, tungali nayo. Zile nilizompiga kwa simu akinisimulia ngano, miezi michache kabla hajafariki, zilitoweka na mwizi katika kituo cha matatu.

Picha inayodumu huweza hata kumwasi aliyeipiga. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akapigwa picha akiwa amelala, mikono imetiwa pingu. Wakoloni walitaka kutangaza ushindi wao. Vizazi vilivyofuata vimesoma humo ushujaa. Sisi wanafunzi wa fasihi twajua kwamba matini hupata maana mpya kwa kila msomaji, mradi matini yenyewe ingalipo.

Mikanda mipya ingali inatengenezwa Marekani na Uingereza, na wako vijana wanaoirudia. Kwetu, naona kesho ya mkanda imo katika ile iliyokwisha kupigwa. Mwenye studio anapoaga dunia, negativu zake huweza kuchomwa pamoja na takataka, na nyuso za kijiji kizima zikateketea. Chama chetu, ambacho hutuma wanafunzi vijijini kukusanya methali na ngano, kiwatume pia kuulizia masanduku hayo, kwa idhini ya wenyewe. Dijitali itusaidie kuyatolea nakala, na negativu zihifadhiwe maktabani pakavu. Tuanze likizo hii, kabla wazee wanaoweza kuzitaja nyuso hizo kwa majina hawajatutoka.