Maonyesho ni Soko, Si Darasa: Kwa Mafizio wa Meru na Embu

Wacha niseme mapema ndio usisome mpaka chini ukitafuta msimamo wangu: maonyesho ya biashara ya vifaa vya hospitali hayamfunzi fizio kazi yake. Yanamwonyesha bidhaa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tukiyachanganya, anayeumia ni mgonjwa wa Runyenjes au Maua ambaye hata hajui kulikuwa na maonyesho.

"Na wewe ni nani kusema?" Swali zuri. Mimi si fizio. Niliacha chuo mwaka wa pili na siku hizi nakula kwa kamera. Lakini mambo mawili yamenileta hapa. La kwanza, niliwahi kulipwa kurekodi kwenye maonyesho ya aina hii Nairobi, siku mbili nzima nimesimama kwa kibanda cha kampuni moja ya kuuza mashine. La pili, cucu yangu wa Embu alipata kiharusi, na fizio ndiye aliyemsaidia kurudisha mkono wa kushoto.

Tuanze na Nairobi. Kibanda kina taa kali, kalamu za bure, mfuko wa bure, na kijana mmoja amevaa suti anajua kuongea kuliko mimi. Mama mmoja fizio kutoka huku kwetu Meru akaja, akaangalia mashine, akauliza, "Mgonjwa wangu anatoka mbali, namwona mara moja kwa mwezi. Hii itamsaidia vipi?" Kijana akamjibu kuhusu garantii ya miaka miwili na malipo ya polepole. Mama akachukua kipeperushi, akaenda. Simlaumu yule kijana. Alilipwa kuuza, kama mimi nilivyolipwa kumrekodi. Lakini lile swali lilikuwa swali la mtu anayetaka kujifunza, na pale hakukuwa na mtu wa kulijibu.

Sasa chukua mashine ya altrasaundi ya tiba. Si ile ya kuangalia mtoto tumboni, ni ile kichwa chake hupitishwa juu ya ngozi kutibu maumivu. Ni kifaa cha kawaida sana kwa idara za fizio. Mwaka 2001, watafiti wawili, Robertson na Baker, walichapisha uchambuzi wa majaribio 35 ya mashine hiyo. Ni 10 tu yaliyokuwa yamefanywa kwa njia ya kuridhisha. Kati ya hayo 10, ni 2 tu yaliyoonyesha kwamba mashine inashinda ile ya kuigiza, yaani iliyowekwa kwa mwili bila kutoa mawimbi. Halafu mwaka 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo huandika miongozo ya matibabu, ikasema altrasaundi isitumiwe kwa maumivu ya chini ya mgongo.

Niulize kama hizo namba ziko kwa kipeperushi chochote. Muuzaji hana sababu ya kukuambia. Darasa la kweli lingeanza hapo hapo: inasaidia nani, haisaidii nani, na hiyo pesa ingefanya nini kingine?

Mfano wa pili ni kiti cha magurudumu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwapa watu viti hivi kwenye nchi zenye uwezo mdogo. Lilitaja hatua nane: mgonjwa kuelekezwa kwa huduma, kupimwa, kuandikiwa kiti kinachomfaa, kutafuta pesa na kuagiza, kukitayarisha kiti, kukijaribisha kwenye mwili wake, kumfundisha kukitumia, halafu kumfuatilia na kukitengeneza kikiharibika. Maonyesho yanakaa vizuri kwa hatua moja tu, ile ya kuagiza. Zile saba zingine ni kazi ya mikono na macho, na ndizo zinaamua kama kiti kitatembea au kitakuwa cha kuanikia nguo. Yeyote anayeijua miteremko ya Meru na matope yake mekundu mwezi wa nne anajua kwamba magurudumu madogo ya mbele yanayoteleza vizuri kwa zulia la ukumbi yatazama hata kabla ya kufika kwa lango.

Mimi najua kidogo kuhusu kujifunza nje ya darasa. Kuhariri video nilifunzwa na mzee mmoja wa kurekodi harusi pale Makutano. Hakunipa cheti. Alikaa nyuma yangu, akaangalia, akafuta, akasema "rudia". Wiki ijayo tena "rudia". Kujifunza kazi ya mikono ni hivyo: unafanya, mtu anayejua anakuona, anakurekebisha, unarudia. Fizio wa cucu alifanya hivyo hivyo naye. Hakuwa na mashine ya maana. Alimpa beseni la mbaazi azitoe kwa maganda kwa mkono ule mgonjwa, akamshika kiwiko kila alipokikosea, akamwambia binamu yangu aangalie ndio aendelee naye nyumbani. Huyo fizio alijifunza wapi kushika kiwiko hivyo? Kwa mtu mwingine aliyemshika mkono. Si kwa kibanda.

Na hii si maoni yangu tu. Mwaka 2009 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 81 kuhusu mikutano na warsha za wahudumu wa afya. Walikuta mikutano inabadilisha kazi, lakini kidogo, kama asilimia 6 hivi. Iliyochanganya mihadhara na mazoezi ilifanya vizuri zaidi. Na kwa kazi ngumu zenye mambo mengi, mikutano peke yake haikuonekana kubadilisha kitu. Kama mkutano wenyewe unasaidia kidogo hivyo, kutembea katikati ya vibanda kutasaidia kiasi gani?

Basi mbona watu wanaenda? Pointi. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia, na ukitaka leseni yako iendelee lazima uonyeshe umeendelea kusoma. Wazo ni zuri kabisa. Shida ni kwamba maonyesho mara nyingi huwa na ukumbi wa mihadhara pembeni: unaingia, unaandika jina, unahesabiwa. Fizio wa Embu anasafiri zaidi ya kilomita 120, wa Meru zaidi ya 200, analipa nauli na malazi, na wagonjwa wanabaki benchi wakimngoja. Anarudi na mfuko wa kalamu na karatasi ya kusema amesoma. Mtu aliyeacha chuo anakuambia hivi: kuhudhuria na kusoma havijawahi kuwa kitu kimoja.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja. Maonyesho yana faida yake. Medic East Africa na Medexpo yameleta Nairobi kampuni kutoka nchi nyingi, na ukitaka kulinganisha bei ya vitanda vitatu kwa saa moja, hakuna pahali pengine. Unagusa kifaa, unajua nani ana vipuri, unapata namba ya fundi. Kama kaunti inanunua, fizio aende, tena aende mapema. Lakini aende kama mnunuzi. Mkulima wa Imenti anaelewa hili vizuri. Akiona mahindi mazuri kwa maonyesho ya ASK pale Gitoro hapandi shamba lote. Ananunua pakiti moja, anajaribu kwa kipande, anangoja msimu.

Maoni yangu kwa wanaohusika ni haya. KMTC ina kampasi Meru na Embu, na madarasa hayajai Jumamosi. Mafizio wa hospitali za serikali, za misheni na wa kliniki za kibinafsi wakutane hapo mara moja kwa mwezi. Kila mmoja alete kisa kimoja kilichomshinda, mgonjwa akikubali naye aje, na mwenye uzoefu amshike mwenzake mkono. Hiyo ndiyo ipewe pointi nyingi. Kampuni inayotaka kuuza ilete mashine ikae idarani miezi mitatu, mafizio waandike nani alipata nafuu na nani hakupata, ndio tuongee bei. Na ukijikuta kwa kibanda, uliza maswali matatu: utafiti uko wapi, nani hapaswi kutumia hii, na ikiharibika Maua nani atakuja kuitengeneza? Akianza kukuambia garantii, chukua kalamu yako uende.

Wagonjwa wetu hawahitaji fizio aliyeona mashine nyingi. Wanahitaji yule ambaye mwaka huu ni bora kuliko mwaka jana. Kama wewe ni fizio na unaona nimepotea, niambie ulijifunza nini kwa maonyesho ambacho ulikitumia kwa mgonjwa Jumatatu iliyofuata. Nitaisoma yote.