KABLA HUJAHAMA, UMEAGA?



Leo nataka tuzungumze kuhusu kuhama. Vijana wanaofuatilia mpira wa vikapu wa vyuo vya Marekani watanielewa haraka. Zamani kule, mchezaji akihama chuo alikaa nje mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Mwaka 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, kikaruhusu kuhama mara moja bila kukaa nje. Tangu 2024, anayetimiza masharti ya masomo anaweza kuhama hata kila mwaka. Sasa msimu ukiisha, wachezaji kwa mamia wanatafuta timu nyingine.

Kuhama si dhambi. Walter Clayton Jr. alitoka chuo cha Iona mwaka 2023, kocha wake alipoondoka. Akarudi jimbo la kwao, Florida, na mwaka 2025 akawaongoza kutwaa ubingwa wa taifa kwa 65–63 dhidi ya Houston.

Lakini kukaa pia si ujinga. Mwaka huo huo wa 2023, Zach Edey na Purdue walitolewa raundi ya kwanza na Fairleigh Dickinson, timu ndogo iliyopangwa nafasi ya mwisho. Nchi nzima iliwacheka. Edey alirudi pale pale penye aibu. Mwaka uliofuata wakafika fainali, mara ya kwanza tangu 1969. Hawakuchukua kombe, lakini aibu ile iliisha.

Basi swali si kuhama au kukaa. Swali ni: nani amekutuma?

Abrahamu alihama kwa sababu aliitwa. Yona alihama kwa sababu alikuwa anakimbia. Na soma vizuri Yona 1: alipata meli, nauli alikuwa nayo, safari ikaanza. Mpendwa, si kila mlango uliofunguka umefunguliwa na Mungu!

Tena jifunze hili. Mchezaji wa chuo hawezi kujiandika mwenyewe kwenye orodha ya wanaohama. Lazima akiarifu chuo chake, ndipo chuo kiingize jina lake. Hata dunia inajua kuaga!

Lakini sisi watu wa Mungu tunahama kanisa kimya kimya. Mama mmoja alikwazwa na maneno ya kiongozi, akaacha kuja, simu hakushika. Baadaye tukasikia alilazwa wiki tatu. Kule alikoenda walikuwa hawajalijua jina lake. Huku hatukujua anaumwa. Alilala wodini bila mtu wa kumshika mkono na kumwombea.

Sisemi haya kwa kuogopa viti vitupu. Kondoo ni wa Bwana, si wangu. Kama Mungu anakuhamisha, njoo tukuwekee mikono, tukubariki, nami nitampigia simu mchungaji wako mpya akupokee. Kama umeumizwa, njoo useme kabla hujaondoka. Jeraha usilolisema hapa utalibeba hadi kanisa la pili, na la tatu.

Tuombe: Baba, mwenye kutumwa mpe ujasiri wa kwenda. Anayekimbia mpe neema ya kurudi. Na aliye peke yake leo, mwonyeshe nyumba yake. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA. Na kuna mtu ambaye hujamwona kanisani mwezi huu. Mpigie leo.