Rumonge: Michezo ya Mikono Chini ya Michikichi

Msafiri aifuataye barabara ya ziwani kutoka Bujumbura kuelekea kusini hufika Rumonge baada ya kilometa zipatazo 70. Upande mmoja huliona Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Upande wa pili, michikichi iliyoenea hadi chini ya vilima. Sokoni Kiswahili husikika pamoja na Kirundi, na harufu ya mawese huchanganyika na ile ya ndagala walioanikwa juani. Mtoto wa mji huo hufundishwa na pua yake kabla hajajua kusema.

Mzazi wa huko atakaye kumzoeza mtoto wake kutumia mikono hana haja ya kwenda dukani. Mawese yakisha kukamuliwa, kokwa hupasuliwa na vifuu vyake hubaki marundo. Vikioshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha vikakauka, hutiwa katika mfuko wa kitambaa kizito, maana kingo zake ni kali. Mfuko wa pili hutiwa mchanga mkavu, na wa tatu majani makavu ya mgomba. Yote hushonwa midomo. Mtoto hufungwa kitenge machoni, akapapasa na kutaja: hiki kigumu, hiki laini, hiki chalia.

Udongo wa mfinyanzi nao hauna mfano. Ukandwe hadi usishike vidoleni, kisha mtoto aachwe aunde ng'ombe wa Burundi wenye pembe ndefu. Pembe zitavunjika, naye atazirudia. Mama asizitengeneze yeye. Ng'ombe hao wakaushwe kivulini, kwani jua kali huwapasua. Rangi ni mkaa uliosagwa na binzari.

Wako washaurio unga wa ngano na chumvi badala ya udongo. Unga hukandika vizuri, lakini katika nyumba ihesabuyo kila kikombe, ni vigumu kumweleza mtoto kwa nini leo chakula chachezewa, na kesho agombezwe kwa kumwaga uji.

Yapo mambo mawili yasiyo ya mchezo. La kwanza ni ziwa lenyewe. Uwanda wa Rumonge umejulikana kwa ugonjwa wa kichocho tangu miaka mingi, na vijidudu vyake huingia mwilini kwa kupenya ngozi iliyomo majini. Basi mchanga uchotwe na mtu mzima, penye ufuko mkavu, uanikwe juani siku kadhaa, mtoto asitumwe.

La pili ni mbegu. Vichakani katika sehemu nyingi za nchi zetu huota mtipitipi, ambao mbegu zake nyekundu zenye jicho jeusi hupendeza kuliko ushanga. Mbegu hiyo ikitafunwa, au ikitobolewa ili kutungwa kisha ikamezwa, yaweza kumwua mtoto. Mbegu za mbono ni vivyo hivyo. Zisitiwe katika kayamba wala zisivishwe shingoni, hata kama bibi alizivaa.

Kibuyu kidogo kijazwe changarawe, mdomo uzibwe kwa nta na kushonewa kitambaa juu yake. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu kinywani. Kwa hiyo mama aukague mshono huo kila asubuhi kabla ya kumkabidhi.