Nyumba ya Shamba Chini ya Ngong

Katika nyumba zote za kale za walowezi zilizosalia katika Kenya, iliyo mashuhuri kupita nyingine ni ile ya Mbogani, chini ya vilima vya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Mwaka 1917 wakahamia humo Bwana Bror Blixen, Mswidi, na mkewe, Bibi Karen, Mdenmark, waliokuja kulima kahawa. Wenyewe hawakuwa Waingereza, lakini nyumba yao ilifuata desturi ya walowezi wa Kiingereza: ghorofa moja tu iliyotandaa chini, kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae vyekundu, na baraza pana ya kuzuia jua. Hata desturi hiyo haikutoka Uingereza. Waingereza waliiona Bengali walipokuwa wakiitawala Bara Hindi, wakaichukua pamoja na jina lake, bangalo, wakaja nayo Afrika.

Mwashi mmoja akaaye Lucky Summer, mtaa wa Mashariki mwa Nairobi ulio jirani na Korogocho, alikwenda kuitazama nyumba hiyo, ambayo sasa ni makumbusho. Wageni wengi huingia ndani upesi ili waone vitanda, vitabu na ngozi za simba. Yeye alianzia nje. Alizunguka pembe zote, akafumba jicho moja kupima unyofu wa ukuta kama kwamba ana timazi mkononi, akapitisha kidole katika viungo vya mawe. Katika mtaa wake magorofa hupanda kwa mawe ya rangi kama ile ile, lakini hayo hukatwa kwa mashine, na mafundi huyapanga haraka kwa sababu mwenye kiwanja anangoja kodi. Kisha akatazama jinsi paa lilivyorefushwa kupita ukuta ili mvua isiufikie, na jinsi jiko lilivyojengwa mbali na nyumba, maana jiko la kuni ni hatari kwa moto na moshi wake huchosha. Chumba cha kulia kimepigwa mbao ukutani, na meko ni ya mawe, kwa kuwa usiku wa Ngong, futi 6,000 juu ya bahari, ni baridi kweli. Baridi hiyo hiyo, pamoja na ukame, ndiyo iliyoidhuru kahawa.

Alipomaliza, akamwuliza kijana wa kike aliyekuwa akiwaongoza wageni: “Binti, hii nimeiona. Na nyumba za wale waliolima zilikuwa wapi?”

“Zilikuwa huko shambani, Mzee,” akajibu, akionyesha upande wa miti. “Lakini hakuna kilichobaki.”

Mtu aweza kusema kwamba sababu yake ni dhahiri: jiwe hudumu, udongo na nyasi haviwezi kudumu. Jibu hilo hutolewa mara nyingi, tena na watu waliosoma, lakini si la kweli. Nyumba za wakulima wa Uingereza ya kale, zile zinazopigwa picha na kusifiwa duniani kote, nyingi hazikujengwa kwa mawe. Zilikuwa fremu ya magogo ya mwaloni, na katikati ya magogo ukuta wa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Mama yeyote wa Kiambu au Nyeri aliyekandika nyumba angeitambua kazi hiyo mara moja. Nyingi ziliezekwa kwa nyasi, na moto uliwashwa katikati ya chumba kikubwa, sakafuni, moshi ukajitafutia njia darini. Dohani zilikuja baadaye. Kasisi William Harrison wa Essex aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walizishangaa dohani nyingi zilizokuwa zimejengwa katika siku zao.

Moja ya nyumba hizo, iitwayo Bayleaf, ilijengwa katika wilaya ya Kent mwanzoni mwa karne ya 15. Madirisha ya chumba chake kikubwa hayakuwa na vioo. Hata hivyo ilikuwa bado imesimama katika miaka ya 1960, bwawa la maji lilipochimbwa mahali pake. Ndipo ikafunguliwa gogo kwa gogo na kusimamishwa upya katika makumbusho ya Singleton, Sussex. Fito na udongo, na umri wake wapita miaka 500!

Kilichoidumisha nyumba kama hiyo ni kwamba kila kizazi kiliona inafaa kuitengeneza. Mkulima wa Kiingereza wa tabaka la kati, hata kama hakuimiliki ardhi kabisa, mara nyingi alikuwa na haki iliyoandikwa katika daftari la baraza la bwana wa ardhi, naye akapewa nakala yake. Akijua kwamba mwanawe ataurithi mwaloni ule, alibadili gogo lililooza. Wale vibarua wa Kiingereza wasio na karatasi yoyote, vibanda vyao navyo vimetoweka kama vile vya Mbogani.

Sasa tutazame karatasi za Ngong. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliruhusu mlowezi apangishwe shamba kwa miaka 999. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mkazi Mwafrika wa shamba hilo, aliyeitwa skwota, afanye kazi ya mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa, kulima kipande chake na kulisha mifugo. Mmoja alihesabiwa kwa miaka, mwingine kwa siku. Ni nani katika hali hiyo angechonga nguzo ya kumfaa mjukuu? Na leo katika Lucky Summer, mpangaji anayelipa kila mwezi hapaki rangi ukuta wala hapandi mwembe, wala hakuna awezaye kumlaumu.

Mwaka 1931 shamba la Mbogani liliuzwa, likakatwa viwanja, na mtaa ukaitwa Karen. Nyumba ilipita mikononi mwa wengine hadi serikali ya Denmark ilipoikabidhi Kenya wakati wa uhuru. Mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Maskwota waliambiwa waondoke. Hawakuomba fedha, waliomba wasitawanywe, wakae pamoja kama walivyozoea. Bibi Karen aliwasemea ofisi baada ya ofisi, jambo ambalo haki yataka litajwe, na mwishowe serikali ikawakubalia ardhi katika msitu wa Dagoretti. Huko wakaanza kujenga upya. Lakini miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1921, Jaji Mkuu Barth alikuwa amekwisha kuamua mahakamani kwamba Mwafrika, hata ndani ya rizavu yake, alikuwa mpangaji tu wa Mfalme, akikaa kwa ridhaa yake.