Asiye na Nyumba Ataoga Wapi?

Kila Jumatatu asubuhi, kengele ikiisha kulia na watoto wakiisha kupanga mistari, sisi walimu hupita mbele yao kutazama usafi wao. Twatazama kucha, twatazama kola za mashati, nywele na miguu. Kazi hii tulifundishwa chuoni, na walimu wetu walifundishwa na walimu wao, wala hatukupata kuiuliza neno. Aliye safi hupita. Aliye mchafu hurudishwa kwao akaoge, ndipo aje darasani.

Miaka michache iliyopita alikuwapo katika mistari ile mvulana wa darasa la tano, mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wote. Lakini shati lake lilikuwa halitambulikani rangi, na wenzake walisogea mwisho wa dawati ili wasikae karibu naye. Tukamrudisha mara ya kwanza. Akaja baada ya siku mbili, vilevile. Tukamrudisha tena, na mara hii kwa maneno makali, tukisema mbele ya shule nzima kwamba mtoto asiyejua maji hajui na kusoma. Watoto wakacheka. Muda wa majuma matatu hatukumwona.

Aliyetufumbua macho hakuwa mwalimu wala mzee wa kijiji, bali mama mmoja auzaye uji karibu na soko. Alitusimamisha njiani akatuuliza, "Walimu wangu, yule mtoto mwamtuma aende kwao. Kwao ni wapi?" Hatukuwa na jibu. Akatueleza kwamba mama wa mtoto alikwisha kufa, na baba yake alikuja huku kutafuta dhahabu, kisha akaondoka bila kuaga. Tangu hapo mtoto alikuwa akilala sokoni, chini ya meza za wauza ndizi, juu ya magunia, pamoja na vijana wakubwa kuliko yeye. Sisi tuliomwita jina lake kila siku katika kitabu cha mahudhurio hatukujua hata moja katika hayo. Kitabu kile kina nafasi ya jina la mzazi na la kijiji. Nafasi ya kuandika mtoto alala wapi hakina.

Kwa wasomaji wa mbali yafaa tueleze mahali petu. Kata ya Kemambo iko katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002. Zamani ilikuwa vigumu katika nchi ya Wakurya kumwona mtu asiye na pa kulala, maana kila mtu alikuwa na ukoo wake, na mji wa jamaa yake ulikuwa mji wake. Dhahabu imeleta watu wa kila namna kutoka kila upande. Wengine wamepata mali wakajenga. Wengine hushinda wakichambua mawe, na jua likitua hawana pa kwenda. Tumezoea kuwaita wazururaji. Neno hilo ni jepesi kutamka, nasi tulilitumia sana kabla ya maneno ya mama wa uji.

Basi tulianza kufikiri juu ya mafundisho yetu wenyewe ya usafi, tukaona jambo ambalo hatukuliona hapo kwanza. Mafundisho yote yamejengwa juu ya nyumba. Wazee wetu wakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Ilikuwa kazi kubwa, nasi hatuwezi kuidharau. Na katika miaka ya karibuni tumeusikia wito wa Nyumba ni Choo, tukawafundisha watoto kuuimba. Lakini mtu asiye na nyumba aufanyeje wito huo? Twamwambia achemshe maji, naye hana sufuria. Twamwambia achimbe choo nyuma ya nyumba, naye hana hata ukuta wa kuegemea. Kwa hiyo mtu ambaye uchafu wamdhuru kuliko wote ndiye tuliyekuwa hatumfundishi kitu.

Tukaamua kujenga bafu nyuma ya vyoo vya shule. Tulidhani ni jambo la siku mbili: mabati manane, miti, mawe ya kusimamia, pipa moja, ndoo mbili na sabuni ya mche. Seremala mmoja akatupa mlango bila malipo. Maji ndiyo yaliyotutaabisha. Mwaka 2009 maji ya mgodi yenye tindikali yalivuja yakaingia katika mto Tigithe, na tangu hapo watu wengi wa upande huu wauogopa mto huo, hata kwa kuoga. Kwa hiyo ilitupasa kununua maji ya kisima kwa madumu. Vijana wa bodaboda, ambao nao tulikuwa tukiwasema vibaya, wakajitolea kuleta madumu manne kila Jumamosi wakipita.

Mtoto yule akaitwa. Akaja, akalitazama bafu, akatazama ndoo, akasema ahsante, asiingie. Tukadhani ni ukaidi. Mwalimu mwenzetu wa kike alimchukua kando, akapata habari mbili. Ya kwanza: shati na kaptura alivyovaa ndivyo alivyokuwa navyo duniani. Akivifua, atakaa uchi mpaka vikauke. Na asipovifua, kuoga kwafaa nini? Ya pili: komeo la mlango tulikuwa tumelitia nje, ili tulifunge kwa kufuli wezi wasichukue ndoo. Ndani hapakuwa na kitu cha kufungia. Mtoto huyu alikuwa akilala sokoni miongoni mwa watu wazima, na kwa sababu alizozijua yeye hakuwa tayari kuvua nguo mahali ambapo mtu mwingine aweza kusukuma mlango. Siku ileile seremala akatia komeo la pili, upande wa ndani, nasi tukaleta shuka mbili kuukuu. Ndipo akaingia. Alikaa humo karibu saa nzima, wala hakuna aliyemharakisha.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba maji ni sehemu ndogo ya kuoga. Kwataka pia kitu cha kuvaa wakati nguo ikikauka, kwataka jua na mahali pa kuanikia pasipoibiwa, na kwataka mlango.

Wazazi wa shule walipoitwa mkutanoni, wengi walikataa. Mzee mmoja alisema kwamba twawafundisha watoto kukimbia makwao, maana wakijua shule ina bafu na shuka, nani atavumilia fimbo ya baba yake? Mwingine akasema tutaleta wazururaji wote wa machimbo. Mmoja wetu akajaribu kuwasimulia habari za Kitty Wilkinson, mwanamke maskini wa mji wa Liverpool, Uingereza. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia katika mji ule, yeye peke yake katika mtaa wake alikuwa na pipa la kuchemshia maji, akawaruhusu majirani waje kufua nguo na matandiko yao kwake. Na kutokana na kazi hiyo mji ulifungua nyumba ya kufulia ya watu wote mwaka 1842. Wazazi walisikiliza kwa adabu, lakini Liverpool ni mbali. Tukawaambia pia habari za San Francisco, Marekani, ambako tangu mwaka 2014 mabasi makuukuu ya abiria yalitengenezwa kuwa mabafu ya kuwafuata watu walalao barabarani. Hapo walicheka, wakauliza kama basi la Tarime litatosha.

Aliyewageuza ni muuguzi wa zahanati. Aliwaeleza habari za upele. Alisema kwamba mtoto mwenye upele akipakwa dawa peke yake, ugonjwa hurudi, maana sharti wote walalao pamoja wapakwe siku moja, na nguo zao na malazi yao yafuliwe kwa maji ya moto. "Basi," akasema, "mtoto alalaye sokoni akaa dawati moja na mtoto wako. Ukimnyima yeye maji, umemnyima na wako dawa." Mkutano ukakubali, na wengine wakatoa fedha papo hapo. Twakiri kwamba tuliona haya kidogo. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya kuogopa upele; ya kumhurumia mtoto haikumsogeza mtu. Lakini mabati hayaulizi yamenunuliwa kwa moyo gani.

Mwezi wa Desemba mmoja bafu lile likapata kazi ambayo hatukuitazamia. Wasomaji wa huku wajua kwamba mwezi huo ndio majira ya ukeketaji katika nchi yetu, ingawa sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wasichana wengine hukimbia. Wako waendao katika kituo cha Masanga, hapa Tarime, na upande wa Serengeti iko Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014, ambayo habari zake zimejulikana sana kwa kazi ya Bibi Rhobi Samwelly. Usiku mmoja wasichana wawili walimgongea mwalimu wetu wa kike. Walikuwa wametembea tangu jioni, miguu imejaa matope, hawana mfuko wala kandambili. Mwalimu akawapikia ugali, wasile. Mkubwa wao akamnong'oneza kwamba yuko katika siku zake, na kwamba ametembea hivyo njia nzima. Maji yakapashwa moto, wakaoga wote wawili, mwalimu akatoa khanga zake na taulo za kike, ndipo wakala mpaka sufuria ikaisha. Asubuhi wakapelekwa kwenye dawati la jinsia la polisi, na kutoka huko wakapata mahali pa kukaa. Watoto hao nao, kwa usiku ule, walikuwa watu wasio na nyumba, ijapokuwa baba zao wana nyumba za bati. Tangu hapo twaweka katika kabati la shule khanga sita, taulo za kike na sabuni, na ufunguo anao mwalimu wa kike peke yake.

Tusije tukawadanganya wasomaji kwamba mambo yote yamekwenda sawa. Ndoo zimeibiwa mara mbili. Bati moja lilitoweka wakati wa likizo, nasi twajua lilipo, limeezeka banda la kuku, lakini hatujapata ushujaa wa kulidai. Watu wazima wa sokoni walipopata habari, walianza kuja jioni, na shule si mahali pao. Ilitupasa kuwakataza, na jambo hilo lilituuma. Tumeomba serikali ya kijiji ijenge bafu sokoni, penye choo cha kulipia. Wajumbe wamekubali kwa maneno. Mwalimu mwenzetu aliyezaliwa Pangani hutucheka, asema kwao maskini wa mjini na msafiri hujimwagia maji msikitini wala hakuna mkutano unaoitishwa kwa jambo hilo.

Mvulana yule alimaliza darasa la saba. Yule mama wa uji alimpa kona jikoni mwake, akalala humo miaka miwili, akichota maji alfajiri kwa malipo yake. Ukaguzi wa Jumatatu twaufanya bado. Lakini aliye mchafu hatumwambii tena aende kwao. Mwalimu wa zamu humwita baadaye, faragha, akamwonyesha bafu lilipo.

Majira ya baridi ndiyo yaliyobaki kututatiza. Mwezi wa Juni na Julai maji ya pipa huwa baridi sana asubuhi, watoto hunawa uso tu wakatoka mbio, na kuni ni ghali. Tumesikia kwamba katika shule nyingine pipa hupakwa rangi nyeusi na kuwekwa juani tangu asubuhi, ili maji yawe na uvuguvugu jioni. Tumelipaka letu juma lililopita. Walimu wenzetu mliojaribu njia hiyo, tafadhali tuandikieni mtujulishe kama bomba la plastiki lavumilia jua, au tutafute la chuma.