DOLE GUMBA LA MZEE ALIYEPOTEZA KUMBUKUMBU



Ndugu zangu, mnaniuliza sana: mzazi akishapoteza kumbukumbu, mali yake anaisimamia nani?

Wengi hukimbilia kwa wakili kuandika hati ya uwakilishi. Ni jambo jema, iwapo mzee bado anaelewa anachokisaini. Lakini akili ikiondoka, uwakala umevunjika. Fiqhi yetu ya Kishafii inasema hivyo, na Sheria ya Mikataba ya nchi hii inasema hivyo hivyo. Yaani ile hati mliyoiandaa mapema inakufa siku ile mnayoihitaji zaidi.

Hapa Lusu nililetewa karatasi ya mauziano ya jaruba la mpunga, niwe shahidi. Mwenye jaruba kila jioni anauliza mkewe amechelewa wapi, na mkewe tulishamzika. Wanawe walitaka wamshike mkono, wampake wino, dole gumba ligongwe. Nikakataa. Mkubwa wao akasema, "Shehe, pesa yenyewe ni ya kumtibu baba." Namwamini kabisa. Ila asiyejua anauza nini, hajauza.

Katika Suratul Baqara aya ya 282, ile ndefu ya deni, Allah ameelekeza kuwa asiyeweza kuandikisha mwenyewe, walii wake amwandikishie kwa uadilifu. Sasa nani anamtambua huyo walii? Huku Bara kadhi wa BAKWATA atawapatanisha, lakini benki haifungwi na karatasi yake. Njia ni mahakamani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaipa mahakama uwezo wa kumteua msimamizi wa mali za mtu wa hali hiyo. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, chukueni ripoti ya daktari, pelekeni ombi. Kuna usumbufu na nauli, sikatai.

Na wewe unayetunza kadi ya benki ya mama na namba yake ya siri, unamtolea pensheni kila mwezi: nunua daftari. Andika dawa, sabuni, mchele. Kuhusu posho, Suratun Nisaa aya ya 6 inazungumzia mali ya yatima: mlezi tajiri ajizuie, fukara ale kwa kiasi cha wema. Nami naona mali ya mzazi huyu ipimwe kwa kipimo hicho. Dada anayemwogesha mama kila asubuhi, kazi aliacha kwa ajili hiyo, apewe chake, kiasi kitajwe mbele ya ndugu wote, na waliopo Dar wapigiwe simu wasikie.

Wabillahi tawfiq.